Nilikwangua Sakafu Pamoja na Mdogo Wangu Aliyenichukulia Mume

Siku ile ndani ya ukumbi tulikuwa watu sita. Nitawataja wote, kwa sababu wako watu hapa Kisumu wanaosimulia habari hii kana kwamba waliiona kwa macho yao, na hawakuwapo. Alikuwapo mume wangu Owino, ameshika mashine. Alikuwapo Anyango, mdogo wangu wa tumbo moja. Alikuwapo Bwana Pritam, kontrakta Kalasinga mwenye mashine. Alikuwapo Mzee Zakaria, mlinzi wa ukumbi, Mragoli mpole. Alikuwapo Mama Rasoa, jirani yangu wa Kaloleni, aliyenisindikiza. Na mimi, Adhiambo.

Basi. Hakuna mwingine.

Wasomaji wenzangu, sasa nina umri wa miaka thelathini na minne. Shule niliiacha nikiwa darasa la tatu, wazazi wetu walipokufa, baba akitangulia na mama akimfuata kabla mahindi hayajakauka shambani. Mama alituacha wawili. Mimi nilikuwa na akili ya kuchota maji na kupika uji. Anyango alikuwa bado ananyonya!

Nilimbeba mgongoni mpaka mgongo ukazoea. Alipoanza kusema, hakuniita dada, aliniita Mama, na mimi sikumkataza. Nani mwingine angeitwa hivyo?

Nilipokuwa msichana mkubwa nilianza kuuza omena, wale dagaa wa ziwa letu, sokoni Kisumu. Walitoka Usenge, kwa mama mmoja aliyeitwa Pilista, ambaye aliwaanika ufukweni na kunitumia kwa magunia. Kwa omena hao Anyango alivaa, akala, akaenda shule ya misheni. Wanaume walipokuja kuniposa niliwaambia wazi kwamba sichukuliwi peke yangu, nina mtoto. Wengi waliondoka na hawakurudi...

Owino hakuondoka. Alikuwa ametoka vitani Burma, amevaa koti la jeshi lisilo na vifungo, na aliposikia masharti yangu alicheka. Alisema jeshini alilala na watu arobaini katika hema moja, atashindwaje na msichana mmoja mdogo?

Tukaoana. Tukapata chumba Kaloleni. Naye akapata kazi kwa Bwana Pritam, kazi ya kutengeneza sakafu za mbao.

Wengi wenu mnajua sakafu za saruji na za udongo. Lakini katika nyumba za wakubwa, na katika kumbi za mikutano na dansi, sakafu nyingi zilikuwa za mvule. Zikikaa miaka huwa nyeusi kwa nta ya zamani na viatu vya watu. Wakati ule hapakuwa na mashine. Mtu alipiga magoti, akashika skrepa, yaani bamba la chuma lenye makali, akaikwangua sakafu yote mpaka ule wekundu wa mvule utoke tena. Halafu kipande cha chupa kwa kulainisha, halafu msasa, halafu nta mpya.

Malipo yalikuwa kwa chumba, si kwa siku. Kwa hiyo nikitoka sokoni nilimfuata Owino kazini nikamsaidia. Tulianza kila mmoja kwenye ukuta wake, tukakwangua tukielekeana mpaka tukakutana katikati. Alikuwa akinitania kutoka upande wa pili wa chumba.

“Wewe mwanamke, nikifika katikati kabla yako, leo unanichemshia samaki mzima!”

“Utamla na magoti hayo?” nami nilimjibu. “Nikifika mimi kwanza utafua mwenyewe!”

Magoti yalituuma, macho yalituwasha kwa vumbi, maana vumbi la mvule ni kali kama pilipili. Lakini wenzangu, niwaambie kweli, sijapata furaha kama ile tena. Mume wangu alikuwa mbele yangu, tunasogeleana ubao kwa ubao. Mwanamke atake nini zaidi?

Kisha mashine ikaja.

Ilitoka Ulaya, ikafika kwa garimoshi ndani ya sanduku la mbao. Ilikuwa chuma kizito, na mpini mrefu wa kusukumia. Chini yake palikuwa na ngoma ya chuma iliyovishwa msasa, ambayo ilizunguka kwa umeme kwa kelele ya kutisha. Nyuma palining'inia mfuko wa kitambaa wa kupokea vumbi. Kazi ya siku nzima ya mimi na Owino, mashine iliimaliza kabla chai haijapoa.

Owino alichaguliwa aishike kwa sababu jeshini alikuwa amezoea injini. Bwana Pritam alimfundisha mbele yangu, akarudia jambo moja mpaka sisi sote tukacheka.

“Sikia, Owino. Hii mashine hapana simama. Naenda mbele, narudi nyuma, sawa. Kama nataka simama, kwanza inua ngoma. Kama hapana inua, yeye nakula mbao! Nakula sakafu yote!”

Ndivyo ilivyokuwa. Mashine ikisimama mahali pamoja huku ngoma imeshuka, hata kwa muda wa kupiga chafya, inachimba bonde ubaoni. Na bonde hilo haliwezi kuzibwa. Dawa yake ni moja tu, kuishusha sakafu yote iliyolizunguka mpaka ilingane nalo.

Jioni ile Owino aliniambia nisije tena kazini. Alisema kwa upendo, siwezi kumsingizia. Alisema, “Kazi ya magoti imekwisha, mama. Pumzika.” Kona ndogo ambazo mashine haifiki angezimaliza mwenyewe.

Majirani walinipongeza. Mama Rasoa alisema Mungu amenikumbuka. Mimi nilitabasamu, nikaingia ndani, nikakaa kitandani nikiangalia magoti yangu yenye sugu... Mnaweza kunicheka, lakini nilianza kuona wivu juu ya kile chuma! Owino alikipangusa kwa kitambaa safi. Alikisifu wakati wa kula. Alijua sauti yake ikiwa na shida, na sauti yangu ikiwa na shida hakuisikia.

Sasa nifike kwenye kosa ambalo nililitenda mimi mwenyewe kwa mikono yangu.

Mfuko wa vumbi ulikuwa ukichanika. Ukichanika, vumbi linamwagika chumba kizima na mwenye nyumba anagomba. Owino alilalamika kwamba hapati mtu wa kuushona vizuri. Wakati huo Anyango alikuwa amemaliza shule ya misheni, yuko nasi nyumbani, na walikuwa wamemfundisha kushona kwa cherehani.

Nani aliyesema, “Mpe Anyango”? Ni mimi! Nani aliyemwambia Anyango, “Nenda kapime mfuko kwenye mashine, usikisie”? Ni mimi tena!

Alishona mfuko wa kitambaa kinene cha marekani, mshono maradufu. Owino aliusifu kwa siku nyingi. Kisha akataka wa akiba. Kisha ule wa kwanza ukahitaji kiraka. Kila mara Anyango aliondoka na sindano yake kwenda kupima.

Lazima niseme na jambo jingine, ingawa linaniuma. Mimi na Owino hatukuwa na mtoto. Mimba ziliingia zikatoka. Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Alego, akakaa siku nyingi akimwangalia Anyango akifagia, akichota maji, akicheka. Siku ya kuondoka aliniambia taratibu kwamba mwanamke mwenye mdogo wake wa kike hapungukiwi. Kwetu wako wanawake waliowaleta wadogo zao waolewe katika nyumba ile ile, na watoto wakazaliwa, na mji ukajaa. Alisema, “Si mgeni, mwanangu. Ni damu yako.”

Nilimjibu kwa heshima kwamba Anyango ni mtoto wangu. Sikumzaa, lakini ni mtoto wangu. Mtu huolewa pamoja na mtoto wake?

Mama mkwe alijitwika mzigo wake akaondoka. Sasa najua kwamba neno lile alikuwa amemwambia Owino kwanza.

Ishara ya kwanza niliiona nikimsuka Anyango nywele. Nilipogawa nywele kwa kitana, vumbi jekundu lilianguka begani kwake. Nililijua vumbi lile. Nimelifua miaka yote katika nguo za mume wangu! Nilimwuliza limetoka wapi. Alisema mfuko ulikuwa haujakung'utwa vizuri.

Nikakubali. Lakini moyoni nikajiuliza, mfuko hushonwa juu ya mapaja, au juu ya kichwa? Vumbi linafikaje nyuma ya masikio?

Tangu siku hiyo sikupata raha. Nilifua nguo za Owino nikizinusa. Nilimsikia Anyango akipiga chafya asubuhi, chafya ya mvule ambayo haiji mara moja tu, na moyo ulinipasuka. Nilihesabu mabakuli waliyochotea mchuzi, nani alimpa nani kipande kikubwa. Nilipowakuta wanacheka, walinyamaza. Nilipowakuta wamenyamaza, nilijua walikuwa wanacheka. Kwa nini sikuuliza? Niliogopa jibu, wenzangu. Niliogopa kumpoteza mume, na niliogopa kumpoteza mtoto, na nilitaka nisipoteze yeyote... Nikakaa na wivu wangu kama mtu aliyekalia siafu, akijidai ameketi vizuri.

Mama Rasoa hakuwa mtu wa kunyamaza. Alinikuta bombani, watu wakiwa wamepanga foleni na ndoo zao.

“Adhiambo, mama, hivi mfuko wa mashine hushonwa mara ngapi kwa wiki?”

Nikasema unachanika mara kwa mara.

“Lo! Huo ni mfuko au suti ya harusi?”

Wanawake wote walicheka. Nami nilicheka, maana ningefanya nini? Lakini nilipotua ndoo nyumbani nilimwita Mama Rasoa, nikamwomba anisindikize mpaka ukumbini. Anyango alikuwa ametoka tena na sindano yake.

Ukumbi ule ulikuwa mkubwa, karibu na bandari. Bwana Pritam alikuwa ameipata kazi yake kwa kushindana na makontrakta wengine. Hata Mama Rasoa alijua kwamba ukimalizika vizuri, kazi nyingine za mjini zingemfuata yeye. Pale mlangoni Mzee Zakaria alitusalimu, akataka kutuzuia kwa sababu ya vumbi. Nilimpita.

Niliyoyaona sitayasahau.

Kwa kawaida, ubao ukiwa mgumu, Owino aliweka gunia dogo la mchanga juu ya mashine ili uzito uisaidie kukata. Siku ile gunia la mchanga lilikuwa limewekwa ukutani. Juu ya mashine alikuwa ameketi Anyango! Amejifunga kitambaa kichwani, ameshika mpini kwa mikono miwili nyuma yake, miguu ameikunja kama malkia. Na mume wangu alikuwa akimsukuma, mbele na nyuma, mbele na nyuma, uso wake karibu na shingo yake, wote wawili wamejaa vumbi jekundu, wanacheka kwa sauti kushinda mashine!

Mimi alinisukuma lini? Mimi niliyepiga magoti naye miaka yote, alinibeba lini?

Kwenye mlango wa upande wa pili Bwana Pritam alikuwa ndiyo kwanza anaingia, kilemba chake kichwani, akipaza sauti kuuliza ni mchezo gani huo.

Mimi sikupaza sauti. Nilikimbia. Nilimshika Anyango kwa kitambaa cha kichwa nikamvuta chini, akaanguka juu ya mbao, nami nikamwangukia. Nilimpiga. Nilimpiga usoni na kifuani, mimi niliyekuwa sijampiga hata alipomwaga uji. Alilia, “Mama! Mama!” na kila alipoliita jina lile nilizidi.

Ndipo Owino akaachia mpini na kurukia kati yetu. Alipaza sauti ambayo watu wote sita waliisikia.

“Mwache! Ana mimba yangu!”

Nilimwachilia.

Lakini mashine ilikuwa haijainuliwa ngoma. Ilisimama pale ilipoachwa, ikinguruma, ikila. Bwana Pritam alikuwa akipiga kelele, “Inua! Inua!” na hakuna aliyemsikiliza. Ilipokwisha kuchimba mahali pale iliruka, ikaenda yenyewe ikichora mtaro mrefu kuelekea ukutani, ikaupanda waya wake wa umeme na kuumeza. Palitokea mwanga wa bluu, harufu ya mpira unaoungua... na kimya.

Katika kimya kile nilisikia Mama Rasoa akisema polepole, “Yesu wangu.”

Sakafu ilikuwa na bonde ambalo kwa upana ungeweza kulaza mtoto ndani yake.

Owino hakulala Kaloleni siku ile, wala siku iliyofuata. Mtu mmoja wa bandarini alimwona akipanda meli ya kwenda Uganda, amevaa lile koti lake la jeshi. Hakuniaga. Hata huyo aliyempendelea hakumuaga! Mpaka leo hatujapata hata salamu.

Bwana Pritam alikuja nyumbani kwangu. Hakuketi. Alisema mashine imeungua, na kifaa chake mpaka kiagizwe Ulaya. Ukumbi ulikuwa umeahidiwa watu kwa sherehe ya harusi baada ya mvua. Sakafu isipokuwa tayari, jina lake limekwisha mjini, na yeye atakwenda polisi, kwa kuwa aliyeanzisha fujo ni mimi. Halafu sauti yake ilishuka. Aliniuliza kama bado najua kushika skrepa.

Nilisema najua.

“Peke yako hapana weza,” alisema. Akamtazama Anyango, aliyekuwa ameketi pembeni, uso umevimba kwa kipigo changu. “Na huyu pia. Nyinyi wote naharibu, nyinyi wote natengeneza. Mimi napata sakafu, maneno yote nakwisha.”

Hivyo ndivyo mimi na mdogo wangu tulivyoingia katika ukumbi ule na mabamba mawili ya chuma.

Wenzangu, mmewahi kufanya kazi na mtu mnayemchukia na kumpenda kwa wakati mmoja? Bonde halizibwi, nimewaambia. Ilitubidi tushushe mbao zote, ukuta hadi ukuta, kidogo kidogo, mpaka sakafu nzima ifike chini lilipofika bonde. Nilimfundisha kushika skrepa kwa maneno machache kuliko yote niliyowahi kumpa. Nilimwonyesha jinsi ya kulaza mkono, jinsi ya kufuata nyuzi za ubao. Kisha nilikwenda kwenye ukuta wangu, naye akaenda kwenye wake.

Tulikwangua tukielekeana. Mdogo wangu alikuwa mahali pa mume wangu.

 Mzee Zakaria alituletea maji ya kunywa, akasimama kidogo, akatikisa kichwa akaondoka. Kila nilipoinua macho nilimwona Anyango mbele yangu, na tumbo lake likikaribia mbao siku baada ya siku. Tumbo langu halikuwahi kufika hapo! Nilimwonea wivu alivyopumua kwa shida. Nilimwonea wivu alivyojishika kiuno. Hata kichefuchefu chake nilikionea wivu, maana kilikuwa changu, kiliibwa katika nyumba yangu.

Siku moja aliniita kutoka upande wake.

“Mama, nisamehe.”

Nilimwambia mama yake yuko kaburini, akamwombe huko.

Akainama, akaendelea kukwangua.

Tulipokuwa tumebakiza upande wangu wa madirisha na sehemu ya katikati, vumbi lilinishinda. Macho yalivimba yakafumba. Kifua kilibana, nikawa napumua kama filimbi mbovu. Mzee Zakaria alinipeleka hospitali kwa baiskeli, nami nilikwenda nikijua kwamba mambo yamekwisha. Mvua zilikuwa zimeanza kupungua. Nani angemaliza upande wangu? Niliwaza kwamba Bwana Pritam atakwenda polisi. Na niliwaza jingine, tena ninaliandika kwa aibu... kwamba Anyango atakuwa amekwenda zake.

Daktari aliponiruhusu, nilipitia ukumbini kabla ya kufika nyumbani.

Sakafu ilikuwa imekwisha. Yote! Ilikuwa nyekundu laini, hakuna bonde, hakuna mtaro. Upande wake na upande wangu. Bwana Pritam alikuwa akitembea juu yake kwa soksi, ameshika viatu mkononi. Aliponiona alisema tu, “Dada yako...” kisha akaonyesha kwa mkono upande wangu wa madirisha.

Mzee Zakaria ndiye aliyenieleza. Alisema alimwambia Anyango apumzike, akakataa. Alisema alimtandikia gunia la kupigia magoti. Aliposhindwa kuinama kwa sababu ya tumbo, alilala ubavu akakwangua akiwa amelala. “Nilimwambia, binti, hiyo ni sehemu ya dada yako. Akaniambia, Mzee, huyo si dada yangu, huyo ni mama yangu.”

Nilikwenda Kaloleni nikikimbia na kifua kibovu. Nilimkuta Mama Rasoa mlangoni amekunja mikono ya gauni. Mtoto alikuwa amezaliwa kabla ya wakati wake. Wa kiume. Mdogo, anatoshea katika viganja viwili. Alikaa nasi siku chache, hakulia kwa sauti hata mara moja, kisha akazimika mikononi mwa mama yake wakati napika uji.

Wenzangu, nimeahidi kusema kweli. Aliponiambia, “Mama, amekwenda,” jambo la kwanza lililopita moyoni mwangu halikuwa huzuni. Ilikuwa nafuu. Niliona nafuu kwamba sasa tuko sawa! Ilipita haraka, kama mtu anayepita dirishani, lakini niliiona na nikaitambua. Na Anyango alikuwa akinitazama usoni. Sijui aliona nini.

Tulimzika. Hakunilaumu. Baada ya kupata nguvu alifunga nguo zake, akasema anakwenda Usenge kwa Mama Pilista, kuanika omena. Mimi sikumzuia. Nilimpa nauli, nikarudi ndani. Yeye ndiye aliyenitumia magunia ya omena tangu siku hiyo, yamefungwa vizuri, yamechaguliwa uchafu wote. Kila gunia nilipolifungua nilijua mikono iliyolifunga.

Miaka imepita. Kazi za mbao za Bwana Pritam zimeendelea. Mashine ilipona, mtu mwingine anaisukuma. Mimi bado niko sokoni.

Wasomaji, hasa ninyi mlio wakubwa wa yatima, mliolea wadogo zenu kwa njaa yenu wenyewe, nawasihi. Ukiona vumbi kwenye nywele, uliza siku hiyo hiyo! Uliza ndani ya nyumba, mlango umefungwa, ungali na mikono mitulivu. Usingoje mpaka uchekwe bombani. Wivu uliofichwa haukai mahali pamoja bila kuchimba, na siku utakapoonekana, sakafu nzima itabidi ishushwe, na watakaopiga magoti si wale waliokimbia.

Na jingine. Mimi nilimlea mdogo wangu, na moyoni niliandika kila kijiko cha uji. Nilidhani ana deni kwangu ambalo hataweza kulimaliza. Msiwalee wadogo zenu hivyo. Msiwahesabie.

Maana sasa sikilizeni. Juzi juzi wamekuja watu kutoka Usenge. Ni mwanamke mmoja wa makamo na kaka yake. Mtoto wa kaka huyo, fundi wa kuunda mitumbwi, mtu mwenye sifa nzuri, anataka kumwoa Anyango. Wamefika kwangu kwa kuwa mimi ndiye mama. Hakuna mwingine wa kuulizwa. Waliketi, wakasifu chai yangu, kisha yule mwanamke akakohoa kidogo.

“Mama, huko kwetu tumesikia maneno. Hatutaki ya watu. Tunataka utuambie wewe, kwa mdomo wako. Binti yako ni mtu wa namna gani?”

Nilijua nilichoshikilia. Neno moja kutoka kwangu na ndoa ile isingekuwapo. Tena lingekuwa neno la kweli! Na neno jingine, nalo la kweli pia, lingemfungulia mlango.

Nilimwona akiwa ameketi juu ya mashine, akicheka. Nilimwona amelala ubavu, anakwangua upande wangu...

Nilifungua mdomo. Wivu ulirudi, wenzangu, baada ya miaka yote hii! Niliwaongezea chai. Nilisema kifua changu hakiko sawa, naomba warudi baada ya mavuno, tutazungumza vizuri. Waliangaliana. Yule mwanamke aliweka kikombe chini taratibu, akaniaga kwa heshima.

Mavuno yamekaribia. Anyango anajua walikuja, na anajua hawakujibiwa. Jana nimepokea gunia la omena, limefungwa vizuri kama kawaida. Sakafu ile aliimaliza peke yake, na mimi sijamlipa.